Carlisle 1912: Goti la Eisenhower na Hekaya Nyingine za Msimu Mmoja

Mtajie Mmarekani anayependa historia ya futiboli yao timu ya mwaka 1912 ya Carlisle, shule ya wenyeji wa asili wa Marekani, atakujibu kwa jina moja: Jim Thorpe. Kutoka hapo hadithi huanza kunenepa. (Futiboli hapa ni ule mchezo wa mpira wa umbo la yai unaobebwa mkononi, si soka letu.) Msimu wenyewe ulikuwa mkubwa kweli: mechi 14, ushindi 12, sare moja, kipigo kimoja, pointi zaidi ya 500. Bahati mbaya ni kwamba yanayosimuliwa zaidi ndiyo yenye chumvi nyingi zaidi.

"Thorpe ndiye aliyemvunja goti Eisenhower." Hii ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu inawaweka uwanja mmoja mwanariadha bora wa enzi ile na rais wa baadaye. Kukutana, walikutana. Tarehe 9 Novemba 1912 Carlisle walisafiri hadi West Point, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi, na kadeti Dwight Eisenhower, kijana wa miaka 22, alikuwa upande wa wenyeji. Alitaka kumwangusha Thorpe na mambo hayakumwendea vizuri. Lakini goti lililomtoa mchezoni moja kwa moja liliumia wiki iliyofuata, dhidi ya chuo cha Tufts, kisha likaharibika zaidi kwenye mazoezi ya kupanda farasi. Kwa hilo Thorpe hana mkono.

"Siku hiyo Thorpe alikimbia yadi 92 hadi mwisho wa uwanja, waamuzi wakafuta, akarudia kwa yadi 97." Magazeti ya wakati ule yanasimulia mbio moja ya ajabu, Thorpe akipenya katikati ya kadeti wote, na tachidauni hiyo (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) ikafutwa kwa kosa la mwenzake. Ile ya kulipiza imeongezwa na wasimulizi. Carlisle walishinda 27 kwa 6, na tachidauni tatu kati ya nne zilifungwa na Alex Arcasa, jina ambalo leo hulisikii popote. Hapo ndipo hekaya inaponiudhi: ukimbebesha mtu mmoja mechi nzima, unawafuta wengine kumi. Kocha wao, Glenn "Pop" Warner, alikuwa amewapanga wakimbiaji wawili pembeni kabisa mwa mstari wa mbele, mpango ambao wanajeshi hawakujua waukabili vipi. Gus Welch akiuongoza mchezo na Joe Guyon akishindana kwa nguvu na vijana waliomzidi uzito, wanajeshi walichoka hadi nahodha wao, Leland Devore, akatolewa nje kwa kumshambulia Guyon.

Tukumbuke pia nani alikuwa anacheza na nani. Ilikuwa miaka 22 tu tangu jeshi la Marekani liwaue Walakota, wenyeji wa asili kama wao, huko Wounded Knee. Vijana wa Carlisle hawakuhitaji kocha kuwakumbusha.

"Hawakufungwa msimu mzima." Walifungwa, tena wiki moja tu baada ya West Point: Chuo Kikuu cha Pennsylvania 34, Carlisle 26. Kabla ya hapo walikuwa wametoka 0–0 na chuo cha Washington & Jefferson. Miongoni mwa timu zilizomaliza mwaka ule bila doa ni Harvard, mechi tisa, ushindi tisa.

"Carlisle kilikuwa chuo kikuu." Walicheza na vyuo vikuu, ndiyo maana watu huchanganya. Kwa kweli ilikuwa shule ya bweni ya serikali, iliyofunguliwa mwaka 1879 na ofisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, katika kambi ya zamani huko Pennsylvania. Watoto wa wenyeji wa asili waliletwa kutoka mbali, wakakatwa nywele, wakapewa majina ya Kizungu na kukatazwa lugha za mama zao. Nusu ya siku ilikuwa darasani, nusu kwenye karakana na mashambani. Wapo waliofia huko, na makaburi yao yapo. Futiboli ilikuwa sura nzuri ya shule hiyo, na ilileta fedha: mechi kubwa karibu zote zilichezwa ugenini, kwenye viwanja vya kuingiza watu wengi. Mwaka 1914 Bunge la Marekani liliichunguza shule, fedha za michezo zikiwemo, na Welch alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliopeleka malalamiko. Warner akahamia Pittsburgh. Shule ilifungwa 1918.

"Pasi ya mbele ililetwa na Notre Dame mwaka 1913." Pasi hiyo, ya kumrushia mpira mwenzako aliye mbele, iliruhusiwa tangu 1906, na Carlisle waliwaadhibu Pennsylvania kwa pasi hizo mwaka 1907. Notre Dame, timu ya chuo kikuu kingine, walikuwa na bahati ya kuitumia mbele ya waandishi wa New York.

"Thorpe alinyang'anywa medali kwa sababu ya futiboli." Ni besiboli. Alitoka kwenye Olimpiki ya Stockholm kiangazi cha 1912 na dhahabu mbili, za pentathloni na dekathloni, na Januari 1913 ikajulikana kwamba mwaka 1909 na 1910 alilipwa fedha kidogo kuchezea timu ndogo huko North Carolina, wakati Olimpiki ya enzi ile haikuruhusu wachezaji wa kulipwa. Wanafunzi wengi walifanya hivyo, ila walijificha kwa majina ya uongo. Yeye alitumia lake. Sheria ilitaka pingamizi liletwe ndani ya siku 30. Muda huo ulikuwa umepita zamani, na medali zikachukuliwa hivyo hivyo. Thorpe alifariki 1953. Mwaka 1982 alirudishiwa ushindi kwa kugawana na waliomfuata, na Julai 2022 ndipo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipomtambua tena kuwa mshindi peke yake.