Kabla ya kununua hisa za simu, uliza minara iko wapi

Tangu Vodacom Tanzania iingie Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017, kwa Sh850 kila hisa, watu wa huku Kusini hunisimamisha njiani na swali moja. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikishatoa takwimu za robo mwaka, utasikia: "Injinia, laini zimepanda tena, tununue?" Kazi yangu ni kupanga minara, sina leseni ya kumshauri mtu hisa. Ila idadi ya laini ndiyo takwimu ninayoitazama mwisho.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, wakiwamo watoto wanaonyonya. Laini zilizo hai mwishoni mwa 2024 zilizidi milioni 80. Mfanyabiashara wa Mtwara mjini anaweza kuwa na laini tatu: ya kupigia, ya bando la bei rahisi na ya kupokelea fedha. Kampuni tatu zinamhesabu kuwa mteja wao, mfuko wake ni ule ule. Tena laini huhesabiwa kuwa hai ikiwa imetumika ndani ya miezi mitatu. Huku kwetu hilo lina uzito, maana minada ya korosho huanza Oktoba, na laini iliyolala Julai huamka malipo yakianza kuingia. Robo ya mwisho wa mwaka ikipendeza, ilinganishe na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Ukiipima na Septemba unajidanganya.

Minara ndiyo inayokula mtaji. Mkoa wa Mtwara una watu milioni 1.63, karibu 100 kwa kila kilometa ya mraba. Lindi ina milioni 1.19, na kwa ukubwa wa ardhi yake hawafiki 20. Tandahimba na Newala, juu ya uwanda wa Makonde, vijiji vimekaribiana, kwa hiyo mnara mmoja unapata wateja wa kutosha. Nenda Liwale, mkoani Lindi: unavuka pori, unakuta kijiji, unavuka pori tena. Chuma ni kile kile, betri ni zile zile, na mafuta ya jenereta yanasafiri mbali zaidi. Ndiyo maana kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaotoa ruzuku ya minara kwenye maeneo ambayo kampuni isingejenga kwa fedha yake.

Halafu kuna masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano ya simu, ambayo wawekezaji wengi huyaruka. Mawimbi ya megahezi 700, yaliyopigwa mnada na TCRA mwaka 2018, huenda mbali na hupenya kuta vizuri kuliko yale ya 1800. Kwa Liwale au Nachingwea hiyo ni tofauti ya minara mingi. Hata hivyo hayapindi milima: mnara wa Newala, kule kwenye ukingo, unaona mbali bonde la Ruvuma, lakini kijiji kilichojibana chini ya genge kinabaki kivulini.

Kampuni ikitangaza kwamba 4G imefika vijijini, mimi nauliza simu zilizopo mikononi. Mwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, hapati chochote kwenye 4G. Anapiga, anatuma pesa kwa *150*00#, vyote kwa 2G, na ndiye anayeilazimu kampuni iendelee kuwasha mitambo ya zamani pembeni ya mipya, kwenye mnara mmoja, kwa umeme ule ule. (Ukitaka kuona mapato ya data yatakavyokuwa mwakani, katazame maduka ya Masasi yanauza simu janja kwa bei gani na kama yanakopesha.)

Kwa hiyo kwenye ripoti ya mwaka natafuta wastani wa mapato kwa mteja, asilimia ya wateja wanaotumia data, na gharama za nishati ya minara. Hiyo ya tatu mara nyingi imefichwa ndani ya gharama za uendeshaji. Mwenye hata hisa moja ana haki ya kuiulizia kwenye mkutano mkuu wa wanahisa.