Jina kwenye kichupa cha kingamwili si uthibitisho

Wengi wanaofanya kazi za maabara huamini kwamba kingamwili (protini inayotumika kutafuta na kushika protini fulani) iliyoandikwa "MyD88", jina la protini ya kinga, hushika protini hiyo peke yake, hivyo mstari wowote unaojitokeza kwenye utando (karatasi nyembamba ambako protini zilizotenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli huhamishiwa) ni MyD88 yenyewe. Imani hii inaeleweka, kwani kingamwili husifiwa kwa umakini wake.

Lakini kingamwili hutambua sehemu ndogo tu ya protini, na sehemu inayofanana nayo yaweza kuwapo kwenye protini nyingine. MyD88 ya binadamu, inayopitisha ishara za vipokezi vingi vya kinga ya asili, ina asidi-amino 296 na uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 33 hivi. Mstari ulio mbali na hapo unahitaji maelezo. Hata hivyo ukubwa pekee hautoshi: MAVS, protini nyingine ya kinga hiyo, hukadiriwa kuwa na kilodaltoni 57 lakini kwenye jeli huonekana karibu na 75.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni seli zilizoondolewa jeni ya MyD88. Zipime sambamba na seli za kawaida. Mstari ukibaki kwenye zote, kingamwili imeshika kitu kingine. Usipoweza kupima mwenyewe, itafute picha ya kipimo hicho kwenye maelezo ya bidhaa, na uangalie kimefanywa kwa njia gani: kingamwili inayofaa kwenye utando huenda isifae kwenye tishu.