Sitaha ya matembezi: maana yake, na jinsi meli mpya za kitalii zinavyoibadilisha

Sitaha ya matembezi ni sitaha ya wazi inayozunguka meli ya abiria. Mtu anaitembea ubavu mmoja kutoka tezi, yaani nyuma ya meli, hadi omo, yaani mbele yake, anakata kona mbele, anarudi kwa ubavu wa pili hadi pale alipoanzia, bila kufungua mlango wala kupanda ngazi. Mambo mawili ndiyo yanayoibeba maana hiyo: inazunguka meli nzima, na ni ya abiria wote. Ikipungukiwa na moja, wauzaji wa safari wataendelea kuiita kwa jina hilohilo, ila aliyezoea meli atajua kuwa amepewa kitu kingine.

Na katika meli nyingi za kitalii zilizojengwa miaka ya karibuni, kweli amepewa kitu kingine. Jina limebaki kwenye ramani ya meli, lakini mahali penyewe pamehamia ndani, pamepandishwa juu, pamekatwa vipande au pamejaa meza za mgahawa. Ukitaka kuelewa imekuwaje, weka kando kwanza habari za starehe, uangalie ukingo wa meli, yaani zile mita chache za mwisho kabla ya bahari. Meli ikinenepa na kuongezwa ghorofa, vyumba vyake vinaongezeka haraka kuliko ukingo. Na kila abiria anautaka ukingo.

Tuione kwanza ile ya zamani. Sakafu ni mbao za mtiki zilizolazwa kwa urefu wa meli, na kati ya ubao na ubao unapita mstari mweusi wa kalafati, yaani kizibo cha kuzuia maji. Asubuhi na mapema imeshaoshwa, bado ina majimaji, na ukishika reli mkono unanata chumvi. Juu ya kichwa chako zimepangwa boti za uokozi, unayaona matumbo yake moja baada ya jingine. Ubavu wa joshini, unakotokea upepo, unasukumwa kifua na kofia unaishikilia kwa mkono; ukikata kona na kuingia ubavu wa demani, uliokingwa na upepo, ghafla kimya, unasikia hata hatua zako. Viti vya kulalia hupangwa huko demani, na meli ikibadili uelekeo utaona wazee wanainuka na blanketi zao wakihamia upande wa pili.

Sitaha ya namna hii bado ipo. Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, inayo kwenye sitaha ya 7, na ukiizunguka mara tatu umetembea karibu kilomita 1.8. Meli yenyewe ina urefu wa mita 345, kwa hiyo wanaofanya mazoezi humo huhesabu mizunguko kwa vidole.

Matembezi hayo hayakuanza kama mazoezi. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, meli kubwa zilikuwa za kuwafikisha watu ng'ambo. Safari ilikuwa ya siku nyingi, vyumba vidogo, hewa ya ndani nzito, na sitaha ndiyo iliyokuwa mapafu ya meli. Tena haikuwa ya wote. Kila daraja la tiketi lilikuwa na kipande chake: kwenye Titanic ya mwaka 1912, Sitaha A ilikuwa ya matembezi ya daraja la kwanza, na abiria wa daraja la tatu walipatia hewa huko nyuma kabisa kwenye tezi. Ile sifa ya "abiria wote" imeingia katika maana ya neno baadaye, matabaka ya tiketi yalipofutwa na meli zikawa za watalii. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoisimulia enzi ile kana kwamba kila aliyepanda meli alikaa kwenye kiti cha kulalia akinywa supu ya saa tano.

Badiliko kubwa la kwanza lilitokana na boti za uokozi, kitu ambacho abiria hakiangalii mara mbili. Zamani boti zilikaa juu kabisa, kwenye sitaha yake. Sasa fikiria kuishusha boti iliyojaa watu kutoka huko juu: kamba ni ndefu, meli inayumba, boti inabembea na kugonga ubavu. Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini, zinazojulikana kwa kifupi SOLAS, zinataka boti zikae karibu na maji kadiri inavyowezekana, na kwa meli za abiria kipimo ni mita 15 hivi juu ya maji. Canberra, meli iliyojengwa Belfast na kuanza safari mwaka 1961, iliwahi kuzishusha mapema, ikazipachika ndani ya ubavu wake sitaha tatu chini ya mahali palipozoeleka. Queen Mary 2 ilikwenda kinyume: kwa kuwa iliundwa kuvuka Atlantiki ya Kaskazini yenye mawimbi makubwa, mbunifu wake Stephen Payne alipata ruhusa ya kuzipandisha hadi karibu mita 25, mawimbi yasizifikie. Sitaha yake ya matembezi ikapanda pamoja nazo.

Kwa meli nyingine boti zilishuka, na hapo hesabu ikabadilika. Boti zikikaa chini, ubavu wote ulio juu yake unabaki mtupu, sitaha baada ya sitaha. Wajenzi wakaujaza roshani.

Royal Princess ya mwaka 1984, iliyojengwa Helsinki, ilikuwa na vyumba vya abiria vinavyotazama nje vyote, na baadhi yake vikawa na roshani. Wakati ule lilikuwa jambo la kifahari. Leo meli mpya ikikosa roshani nyingi, wateja wanashangaa. Chumba chenye roshani huuzwa ghali kuliko cha dirisha tupu, na cha dirisha ghali kuliko cha ndani kisicho na kitu. Mita moja ya ukingo ikiwa sitaha ya matembezi haiingizi hata senti, lakini ikiwa roshani inalipiwa kila usiku. Basi ukingo uliokuwa njia ya wote ukapimwa viwanja na kuuzwa.

Kilichobaki cha sitaha yenyewe mara nyingi ni ujia mwembamba chini ya boti, wenye kivuli, mashine za kushushia boti kila baada ya hatua kadhaa, na bahari unayoichungulia katikati ya boti na boti. Katika meli nyingi haufiki omo. Unatembea, unakuta mlango wa wafanyakazi, unageuka. Mzunguko umevunjika. Wanaotaka kukimbia wamewekewa njia juu kabisa, karibu na bwawa la kuogelea, ambako utaona zaidi nyayo za wanaoota jua kuliko maji ya bahari.

Kunenepa kwa meli kulileta tatizo la pili. Meli ikiwa pana, katikati yake pana giza, na chumba kisicho na dirisha hakipati bei nzuri. Dawa ilionekana kwanza kwenye Silja Serenade, meli ya mwaka 1990 ya kati ya Helsinki na Stockholm. Katikati ya meli walipasua mtaa mzima wenye urefu wa takriban mita 140, wenye paa la kioo, maduka na mikahawa chini, na vyumba vya juu vikitazama mtaani kama nyumba za ghorofa. Voyager of the Seas ikaibeba fikra hiyo mwaka 1999, ikaupa mtaa wake kimo cha sitaha nne na kuuita Royal Promenade. Jina ni lilelile la matembezi, ila sasa unatembea kati ya duka na baa, huna upepo, huna bahari, na kila hatua unapita mahali pa kutolea kadi. Mimi simlaumu anayeupenda. Mvua ikinyesha, huo mtaa ni raha kuliko sitaha.

Oasis of the Seas, mwaka 2009, ilifanya jambo la kijasiri zaidi: sehemu yote ya juu ya meli iligawanywa mapande mawili marefu, na nafasi ya katikati ikaachwa wazi hadi angani. Ndani ya nafasi hiyo kuna bustani ya mimea hai zaidi ya 10,000, na roshani za vyumba vinavyoelekea bustanini. Hiyo ndiyo hesabu ya ukingo ikifanyiwa ujanja: ukingo wa nje umekwisha, basi chonga mwingine wa ndani uuze roshani tena. Kama kazi ya uhandisi, naivulia kofia. Kama sitaha, ni ajabu kidogo kusafiri baharini na kuamka ukitazama dirisha la jirani.

Roshani nayo haikusalimika. Celebrity Edge ya mwaka 2018 ilileta muundo uliokuwa umeshazoeleka kwenye meli za mitoni. Hakuna tena kijisehemu cha nje chenye viti viwili. Chumba chenyewe kinasonga hadi ukingoni, na ukuta wa mwisho ni dirisha kubwa. Unabonyeza kitufe, nusu ya juu ya kioo inashuka polepole hadi usawa wa mbavu, nawe unaegemea juu yake kama kwenye reli. Chumba kimepanuka bila meli kuongezwa hata sentimita. Lakini bahari ikichafuka, nahodha na watu wake wanaweza kuvifunga vioo vyote kutoka chumba cha uongozaji, na roshani yako inakuwa dirisha la kawaida mpaka waamue wao. Waliozoea ya zamani wanalalamika, na mimi niko upande wao. Roshani ni mahali pa kutoka, na hapa hujatoka.

Meli hiyohiyo ina jukwaa linaloning'inia nje ya ubavu, linalopanda na kushuka kati ya sitaha ya 2 na ya 16. Sitaha fulani ni baa, nyingine ni mgahawa, na likiwa chini kabisa ni gati ya kupandia boti ndogo. Ukilitazama vizuri ni kipande cha sitaha ya matembezi kilichofungiwa kwenye lifti.

Baadaye ukingo ukaanza kurudishwa, japo kwa masharti. Norwegian Prima, iliyoanza mwaka 2022, ina njia inayozunguka meli nzima kwenye sitaha ya 8, yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 4,000. Unaweza kweli kutoka tezi hadi omo na kurudi. Ila njiani kuna meza za mgahawa, sanamu, mabwawa madogo kila ubavu na madaraja ya kioo ambayo chini ya miguu unaona maji. Wamegundua kwamba ukingo wa wote unaweza pia kuingiza pesa, mradi anayetembea ashawishike kukaa. Icon of the Seas ya mwaka 2024, yenye tani 248,663 (tani hizi hupima ujazo wa ndani ya meli, si uzito wake) na uwezo wa kubeba abiria hadi 7,600, bado ina mtaa wake wa ndani, lakini safari hii mtaa umefunguliwa madirisha makubwa kuelekea baharini. Imechukua karibu miaka 25 tangu Voyager kukumbuka kwamba nje kuna bahari.

Kazi moja ya zamani imeiponyoka sitaha karibu moja kwa moja. Zamani zoezi la dharura lilifanyika hapo: abiria na majaketi yao ya kuokolea, mistari chini ya boti. Siku hizi vituo vingi vya kukusanyikia viko ndani, kwenye kumbi za maonyesho na migahawa. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kuzama tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 kufa, kanuni ziliimarishwa ili zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Awali lilikubalika ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2020, kampuni kadhaa huwaacha abiria watazame maelezo kwenye simu, kisha kila mmoja apite kituoni kwake kwa wakati wake.

Pamoja na hayo, hata meli iliyobanwa vipi haiwezi kuifuta sitaha kabisa. Siku ya shida lazima watu wafike kwenye boti, na boti ziko ukingoni.

Ukiwa unachagua meli na unapenda kutembea, fungua ramani ya sitaha utafute ile yenye boti. Pitisha kidole ubavuni hadi omo uone kama mstari unapita mbele au unakatika kwenye ukuta. Hapo hapo tazama vyumba. Vilivyo nyuma ya boti huwa na bei nafuu kwa kuwa mandhari yamezibwa. Vilivyo sambamba na sitaha ya matembezi huwa na vioo ambavyo mchana mpita njia akiangalia anajiona mwenyewe. Usiku ukiwasha taa ndani, mambo yanageuka: yeye anakuona wewe. Funga pazia kwanza.