Dhana potofu kuhusu taka, na kile ambacho sera inapaswa kugusa

Mitaa ikichafuka, lawama humwangukia mtu wa mwisho: mama aliyemwaga maganda mtaroni, abiria aliyerusha chupa dirishani. Kutupa ovyo ni kosa na silitetei. Ila tukiishia kumlaumu huyo, tunawasahau waliotengeneza ile chupa, na sera tunazodai kwa serikali zetu zinabaki nusunusu.

"Mifuko ilipopigwa marufuku, plastiki ilikwisha."

Zanzibar ilianza mwaka 2006, Rwanda ikafuata 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Marufuku ilisaidia, mifuko ya rambo iliyokuwa ikinasa kwenye kila mti na kuziba mitaro imepungua sana. Lakini sheria hizo zililenga mifuko ya kubebea. Pakiti ya biskuti, ya sabuni ya unga na chupa ya maji hazikuguswa. Rwanda ililiona pengo hilo, na mwaka 2019 ikatunga sheria nyingine inayohusu plastiki za kutumika mara moja kwa ujumla wake.

"Plastiki yoyote hurejelezwa, ilimradi ikusanywe."

Kurejeleza ni kuigeuza taka kuwa bidhaa mpya, na dhana hii ndiyo inayotupotosha zaidi. Nenda kwa mnunuzi yeyote wa chupa chakavu uangalie kilichopangwa karibu na mzani: viroba vya chupa angavu za maji, madumu, maboksi, vyuma chakavu. Pakiti ya sabuni au ya krispi huioni. Ina matabaka ya plastiki na mara nyingi alumini, yamegandishwa pamoja kiasi kwamba kuyatenganisha ni gharama kuliko thamani yake. Mwokotaji wa taka anaipita kwa sababu hakuna wa kuinunua, na watoto wake hawali pakiti.

Hata rangi ina uzito. Mwaka 2022 kampuni ya Coca-Cola ilitangaza kuiondoa Sprite kwenye chupa ya kijani huko Marekani na Kanada, kwa kuwa plastiki ya rangi ni vigumu kuigeuza kuwa chupa mpya. Uamuzi kama huo hufanywa kiwandani, muda mrefu kabla mnywaji hajafungua kizibo. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inambana mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Ufaransa inawatoza wenye vifungashio tangu miaka ya 1990, na kifungashio kinachovuruga urejelezaji hulipiwa zaidi. Mzigo ukihamia kwa mwenye kiwanda, hesabu zake zinabadilika.

Wengine hukimbilia plastiki "inayooza". Nyingi ya aina hiyo huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Mtaroni au baharini itakaa na kuchafua kama nyingine.

"Kutenganisha taka hakuna maana, lori linazichanganya tena."

Malalamiko haya yana haki. Sheria ya Kenya inadai taka zinazooza zitengwe na zisizooza, lakini kama gari la kuzibeba ni moja, mwananchi anasumbuliwa bure. Hata hivyo kazi hii haiwezi kuachwa, maana katika miji yetu mingi zaidi ya nusu ya uzito wa taka ni maganda, mboga na mabaki ya chakula. Yakifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Yakichanganywa na maboksi, yanayaharibu.

Ningeanzia masokoni. Pale ndizi, kabichi na mananasi humwagwa kwa wingi mahali pamoja, na vya kutenganisha ni vichache. Kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinatumia taka za namna hiyo.

"Uchumi wa mzunguko ni mambo ya nchi tajiri."

Uchumi wa mzunguko ni vitu kurudi kutumika tena badala ya kutupwa, na aliyewahi kutumwa soda dukani anaujua: huondoki na chupa bila kuacha tupu au hela ya chupa. Kreti inarudi kiwandani, chupa inaoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Mfumo huo tulikuwa nao, tukauacha upotee plastiki ilipoingia. Ujerumani tangu 2003 inatoza amana kwa chupa za kutumika mara moja pia. Leo ni senti 25 za yuro, na mteja hurudishiwa akipeleka tupu dukani.

Kwetu amana iwekwe kisheria kwenye chupa za maji, si kwa hiari ya kampuni. Na waokotaji, ambao ndio wanaokusanya sehemu kubwa ya chupa zinazorejelezwa leo, watambuliwe ndani ya sheria hiyo, walipwe amana kamili kwa kila chupa, badala ya bei anayojipangia mnunuzi kwa kilo.