Mshahara ukipanda, Bodi ya Mikopo haijakuongezea deni

Jana hapa Nkuhungu kwenye supu jamaa mwalimu kanitolea salary slip kwa simu, analalamika eti kapandishwa daraja na Bodi nayo ikamuongezea deni. Hapana kaka! Ile HESLB, yaani hiyo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sio hela fixed kama mkopo wa benki, kwa hiyo ukitoka 800,000 kwenda 1,000,000 makato yanatoka 120,000 yanafika 150,000, deni lenyewe ni lilelile ila unalimaliza mapema. Mshahara ukishuka nayo yanashuka, halafu deni linakaa muda mrefu zaidi. Rejesho la benki ndo halijui umepanda wala umeshuka, linakata tu kiasi mlichosaini hadi uende mkae mezani upya.