Kabla hujasaini fomu ya utarajali

Kila likitoka tangazo la serikali la kuwachukua wahitimu wasio na ajira kwa mafunzo ya utarajali, simu yangu haipumziki. Wanaopiga wengi wao si vijana wenyewe. Ni mama zao, wajomba zao, na mara moja moja sheha anayemuulizia kijana wa shehia yake. Suali la kwanza huwa posho ni shilingi ngapi, na la pili ni kama akimaliza ataajiriwa.

Kazi yangu hapa Chake Chake, Pemba, ni kuwaunganisha vijana na waajiri, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili wa meza, afisa utumishi anayewapokea watarajali. Masuali hayo mawili ni ya haki kabisa, ila hayakwambii kama nafasi uliyopangiwa ni nzuri au mbaya. Posho imeshaandikwa kwenye tangazo, huna la kubishania. Ajira hakuna anayeweza kukuahidi. Mimi humuuliza kijana mambo mengine: nani atakusimamia, na siku ya mwisho utatoka na nini mkononi ambacho mwajiri mwengine atakiamini?

Kuna mambo manne ambayo watu huyachanganya. Fildi ni sehemu ya masomo. Chuo kinakupeleka na chuo kinakupa alama. Uanagenzi ni kusomea fani huku unaifanya, muda fulani darasani na muda fulani karakana au hotelini. Utarajali ni wa aliyekwisha kuhitimu, cheti anacho, anachokosa ni uzoefu. Halafu kuna kujitolea: umeandika barua, bosi kakukubalia, hapana mkataba, hapana posho, hapana tarehe ya mwisho. Nawajua watu waliojitolea kwenye ofisi moja mpaka wakaoa na kuzaa. Kwa hiyo programu yenye mkataba, muda maalumu na msimamizi aliyeandikwa jina ni hatua, na siidharau hata kidogo.

Jambo la sheria nalipita haraka, lakini lazima nilitaje kwa sababu vijana husoma kurasa za Bara mtandaoni kisha wakaja ofisini na madai yasiyowahusu. Mambo ya kazi si ya Muungano. Bara walitoa miongozo yao ya utarajali na uanagenzi mwaka 2017. Huku kwetu Zanzibar tunakwenda na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Na kuingia serikalini kuna mlango wake: Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011, nafasi inatangazwa, unaomba mtandaoni kwenye mfumo wa Zanajira, unashindana kwenye usaili. Mkuu wa taasisi anayekwambia "wewe fanya kazi tu, mimi nitakuingiza" anakupa kitu ambacho si chake.

Turudi kwa msimamizi, maana hapo ndipo mafunzo yanapofanikiwa au kuharibika. Huwa namwambia kila mtarajali anunue daftari lake la mistari, mbali na fomu ya ripoti anayojaza kila mwezi, na aandike kila jioni alichofanya. Baada ya muda nayaomba niyasome. Daftari la kijana mmoja lilikuwa hivi: "Jumatatu. Nimesaidia kazi za ofisi. Jumanne. Nimesaidia kazi za ofisi. Jumatano. Nimesaidia kazi za ofisi, mchana nimetumwa." Ametumwa wapi hakuandika. Baadaye aliniambia mwenyewe, alikwenda kufuata urojo.

Daftari la pili ni la msichana aliyepangwa uhasibu. "Jumanne. Nimezipanga vocha za malipo za Machi kwa namba. Tatu hazina risiti. Nimemuonesha mhasibu, kaniambia niandike barua ya kuzirejesha idarani. Barua ya kwanza kaikataa, sikuweka kumbukumbu namba. Ya pili kaisaini." Mistari michache tu, lakini mwajiri yeyote akiisoma anajua huyu mtu ameshika vocha, anaona kasoro, anaandika barua ya kiserikali, na amekosolewa akasahihisha. Anajua pia kwamba kulikuwa na mtu mzima aliyekaa naye.

Vijana wale wawili wamesoma chuo kimoja na matokeo yao hayapishani sana. Tofauti ilikuwa ofisi. Ile ya kwanza iliambiwa ipokee watu, ikapokea watu, bila kujua wa kazi gani. Kijana akawekewa kiti karibu na mlango, kompyuta hakuna, mafaili haruhusiwi kugusa. Nilipompigia mkuu wa kitengo nikamuuliza kijana wetu anafanya nini, alinijibu: "Yupo, kijana mzuri, ana adabu." Nikajua hakuna kinachoendelea. Adabu ni kitu kizuri, lakini mkubwa akikosa kazi ya kuitaja ndiyo huikimbilia.

Ndiyo maana nawashauri waulize mapema, na wengi huona haya. Hakuna ujeuri ndani yake kama utaliweka vizuri. Siku ya kuripoti, ukishapokewa na kukaribishwa, mwambie aliyekupokea: "Shikamoo. Samahani, naomba kujua nitakuwa chini ya nani, na kwa mwezi huu wa kwanza mngependa nijifunze kazi zipi." Akikutajia mtu na kazi, umefika. Akikwambia "utazunguka zunguka kila kitengo", muombe kwa upole akuandikie ratiba ya huko kuzunguka, kitengo gani wiki gani. Asipokuandikia, iandike wewe umpelekee aipitie. Na ukiona wiki zinapita uko kwenye kiti karibu na mlango, waambie waliokupanga mapema, kabla muda haujakwisha. Kuhamishwa sehemu kunawezekana mwanzoni. Mwishoni hakuna wa kukusikiliza.

Jengine ambalo matangazo hayalisemi ni kalenda, na hapa waandaaji wa programu nao wana lao la kujibu. Mtu anapangwa hoteli ya Kiwengwa au Paje aanze mwezi wa Aprili. Aprili na Mei ni masika, wageni wamepungua, hoteli nyengine zinafunga kabisa kwa ukarabati, wafanyakazi wa kudumu wenyewe wamepelekwa likizo. Kijana anajifunza nini? Anajifunza kufuta vumbi mapokezi. Mpange huyohuyo aanze Juni, Julai na Agosti zikimkuta ameshajua njia za hoteli, utaona tofauti yake. Huku Pemba kuna karafuu pia. Msimu ukishamiri, mchumaji analipwa kwa pishi na fedha anazipata siku hiyohiyo, wakati posho ya utarajali inasubiri mwisho wa mwezi na pengine inachelewa. Watarajali wakitoweka msimu huo, wasimamizi huandika "mtoro". Mimi siwalaumu. Kijana ambaye nyumbani kwao wanamtegemea atapanda mkarafuu, na programu iliyopangwa na mtu anayeijua Pemba ingeliweka mapumziko hayo ndani ya ratiba.

Na umbali. Kwa hesabu ya sensa ya 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773, na katika hao 543,441 wako Pemba, lakini hoteli na kampuni kubwa ziko Unguja. Kijana wa Micheweni aliyepangwa Nungwi ana nauli ya boti, ana chumba cha kupanga, ana chakula. Posho iliyotosha kwa anayelala kwa wazee wake na kupanda daladala asubuhi haimtoshi huyu. Kabla ya kukubali nafasi ya hoteli uliza kama kuna malazi ya wafanyakazi, kama chakula cha zamu kinatolewa, na kama kuna gari ya kurudisha watu zamu ya usiku ikimalizika. Kwa mtoto wa kike hilo la gari usilifanyie mzaha.

Mama mmoja kutoka Konde aliwahi kunipigia, sauti yake imejaa wasiwasi. "Mwanangu, huyu mdogo wako kapangiwa hoteli. Mimi sikumsomesha akauze ulevi." Nikamwambia: "Mama, tulia. Hoteli ina stoo, ina manunuzi, ina uhasibu, ina mafundi wa mabomba na umeme, ina watu wa kupokea maombi ya vyumba kwa kompyuta. Uliza amepangiwa kitengo gani." Alikuwa amepangiwa manunuzi. Binti alikwenda, akiwapokea wavuvi na wakulima wa mboga alfajiri, anapima, anaandika, anakataa samaki aliyelainika. Wazee wakikupinga, nenda nao mpaka kwenye jina la kitengo.

Sasa niseme kwa nini naing'ang'ania hii habari ya kutoka na kitu mkononi. Jordan mwaka 2010 ulifanyika mpango wa kuwapa wanawake waliohitimu vyuo vocha: mwajiri atakayemchukua analipiwa mpaka dinari 150 kwa mwezi, sawa na kima cha chini cha wakati ule, kwa miezi sita. Vocha zilipokuwepo, walioajiriwa waliongezeka sana. Zilipokwisha, karibu faida yote ilipotea, wakawa sawa na wenzao ambao hawakupewa. Yaani kumlipia mtu akae kazini hakumfanyi aendelee kukaa. Afrika Kusini watafiti walijaribu njia ndogo na rahisi zaidi: waliwahimiza watafuta kazi waombe barua ya kuwasemea kwa waajiri wao wa zamani. Maombi yaliyoambatana na barua hiyo yaliitwa zaidi kwa takriban asilimia 60, na walionufaika hasa ni wanawake. Hata huku kwetu, ambako watu husema kila kitu ni kujuana, mwajiri anayempokea mtu asiyemjua anataka amsikie mtu mwengine akimsemea.

Upande wa waajiri nina neno moja, na najua halitanipatia marafiki. Mtarajali si mfanyakazi wa bei nafuu. Kenya walipeleka walimu skuli kwa jina la utarajali, walimu waliokwisha hitimu na kusajiliwa, wanafundisha vipindi kamili kwa shilingi za Kenya 15,000 msingi na 20,000 sekondari kwa mwezi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema mwajiri wao hana mamlaka ya kuajiri watarajali. Tujifunze kabla hatujafikishwa huko. Alama zake ni rahisi kuziona: kama mtarajali asipokuja siku moja kaunta inafungwa, au kila anayemaliza anapokelewa mwengine kwenye kiti kilekile na hakuna hata mmoja aliyewahi kuajiriwa, basi hapo pana nafasi ya kazi iliyofichwa. Programu ya serikali ingepaswa kuinyima taasisi ya namna hiyo mtarajali mwengine mpaka itangaze hiyo nafasi.

Naomba pia tuache kuhesabu waliopangwa tu. Idadi ya waliopangwa inapendeza kwenye hotuba, lakini kumpanga kijana ni kazi ya karatasi. Ningefurahi kuona wasimamizi wakipewa japo mafunzo ya siku mbili na posho yao ndogo, kwa sababu hivi sasa mhasibu anayemfundisha mgeni vocha anaongezewa kazi na hapati chochote. Yule aliyeikataa barua ya kwanza ya binti yetu alifanya hivyo kwa hiari yake.

Kwa kijana ambaye ameshaanza na yuko katikati ya muda wake, barua ya kukusemea usisubiri siku ya mwisho kuiomba. Wakubwa huhamishwa, huenda Hija, huenda masomoni, na anayekuja hakujui. Mwezi mmoja kabla ya kumaliza, fungua daftari lako, toa kazi ulizozifanya peke yako bila kushikwa mkono, andika rasimu: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi hizo, kisha nafasi ya jina, cheo na simu ya anayesaini. Mpelekee yule aliyekaa nawe kila siku, hata kama cheo chake ni kidogo kuliko cha mkurugenzi, kwa sababu mwajiri akipiga simu ndiye atakayekuwa na la kueleza. Wasimamizi wengi hawakatai kusaini. Muda wa kuandika ndio hawana. Kama atataka kubadilisha sentensi, muache abadilishe. Ukikuta amekuandikia kuwa una adabu tu, mrejeshee kwa heshima, umuombe aongeze zile vocha.