Tope la oili kwenye injini ya lori kuukuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukifungua tepeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, ya lori lililokaa miaka mingi bila kubadilishwa oili kwa wakati, huenda usizione roka (mikono inayosukuma vali) wala springi. Unakuta kitu cheusi kama lami iliyopoa, kimejaa kila pembe, na ukikichota kwa ncha ya bisibisi kinasimama chenyewe bila kudondoka. Hilo ndilo tope la oili, na karibu kila aliyewahi kushika spana ana dawa yake ya kuliondoa. Baadhi ya dawa hizo zimeua injini zilizokuwa bado zinavuta mzigo vizuri. Ndiyo maana naona kila moja ipimwe kwa yanayotokea ndani ya injini, maana ubora wake haupimwi kwa weusi wa kinachomwagika.

"Mimina dizeli ndani, washa dakika chache, uchafu wote utatoka"

Hii naiogopa kuliko zote, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Dizeli inayeyusha tope, na mafuta ya taa vilevile. Ishushe sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, imwagie dizeli, isugue kwa brashi, nayo itang'aa. Aliyeona hivyo anaona ni busara kuitia dizeli hiyohiyo ndani ya injini.

Ila sampu iliyo chini haina krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, inayozunguka. Injini ikifanya kazi, krenki haitakiwi kugusa beringi zake, yaani vikalio inamozungukia. Inaelea juu ya utando wa oili ambao, mzigo ukiwa mzito, unene wake huhesabiwa kwa sehemu za elfu za milimita. Utando huo unashikiliwa na mnato wa oili, yaani uzito wake wa kutiririka. Oili ya unene wa 15W-40 ikiwa kwenye nyuzi joto 40 ina mnato unaozidi sentistoki 100 (sentistoki ni kipimo cha mnato), wakati dizeli kwenye joto hilohilo ina kati ya 2 na 4.5. Wanaopima oili za injini maabara huanza kupata wasiwasi dizeli ikifika kama asilimia 5 ndani ya oili. Anayemimina lita 5 za dizeli kwenye injini yenye lita 20 za oili amefika asilimia 20 kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo hilo la mnato ni jepesi mbele ya hili linalofuata. Tope haliyeyuki lote kama chumvi kwenye maji. Sehemu laini inayeyuka, lakini ile iliyookwa na joto kwa miaka inabanduka magamba magamba. Magamba hayo yanashuka na oili mpaka kwenye sampu, na huko yanakutana na chujio la waya lililo mdomoni mwa bomba la kunyonya. Kabla ya hapo hakuna filta. Filta yenyewe ikiziba ina vali inayofunguka ili oili ipite, hata ikiwa chafu, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Chujio la kunyonya mara nyingi halina njia hiyo ya kuokolea. Likishafunikwa, pampu haina cha kusukuma.

Niliwahi kuwa kando ya lori lililofanyiwa hivyo. Dizeli ilitiwa, injini ikawashwa, ikamwagwa, na kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito kiasi kwamba kila aliyekuwepo aliridhika. Oili mpya ikawekwa, geji ya presha ya oili ikapanda vizuri. Siku ya tatu, lori likiwa na mzigo kwenye mlima, geji ikaanza kuyumba, kisha injini ikagonga. Sampu iliposhushwa, chujio lilikuwa limezibwa kama limekandikwa udongo, na beringi za konrodi zimekwanguka. Injini ile haikuwa na ugonjwa mwingine zaidi ya uchafu, na laiti sampu ingeshushwa siku ile ya kwanza, ingekuwa inatembea hadi leo.

Dawa za kuoshea injini zinazouzwa kwenye makopo zina afadhali, kwani zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Zina masharti yake: injini iungurume polepole kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, isipigwe resi, lori lisiendeshwe, kisha oili imwagwe ikiwa bado ya moto na filta ibadilishwe. Zinafaa injini yenye utando mwembamba wa kahawia. Penye tope la kuchotwa kwa kijiko, hatari ya magamba iko palepale.

Penye tope kama hilo, kazi ni ya mikono. Mwaga oili, shusha sampu, toa bomba la kunyonya pamoja na chujio lake, ulisafishe mpaka uone mwanga kupitia kila tundu la waya. Fungua tepeti kava. Kabla hujakwangua chochote juu ya hedi (kichwa cha injini), ziba kwa vitambaa matundu ya kurudishia oili, la sivyo utakuwa unalisukuma tope chini kulekule ulikotoka kulisafisha. Hesabu vitambaa unavyoingiza na uvihesabu tena unapovitoa. Tumia kijiti cha mbao au cha plastiki. Msasa na pedi za kusugulia zisikaribie kabisa injini iliyo wazi, kwa kuwa chembe zake ni ngumu kuliko beringi, na moja ikiingia kwenye njia ya oili itachora krenki. Usitumie petroli: mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali, tena ni mzito kuliko hewa, hivyo unatambaa sakafuni hadi ukutane na cheche mbali na ulipo. Na vaa glavu. Oili chafu ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inahusishwa na saratani ya ngozi.

"Tope linaletwa na oili mbovu tu"

Oili mbovu ina lawama yake, na kuchelewa kumwaga kuna lawama kubwa zaidi. Joto likizidi, oili inachacha, na kasi ya kuchacha huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Hayo watu wengi wanayajua. Wasichokijua ni baridi.

Kila lita moja ya dizeli inayoungua huzaa maji yanayokaribia lita moja. Mengi hutoka na moshi kama mvuke, lakini kiasi fulani hupenya kwenye ringi za pistoni pamoja na masizi na kuingia chini kwenye krenki. Injini ikiwa na joto lake, mvuke huo hautulii, unatoka kupitia bomba la kupumulia. Injini ikiwa ya baridi, unaganda kuwa matone, unachanganyika na oili na masizi, na huo ndio mwanzo wa tope. Kwa hiyo lori linalosafiri mbali likiwa na mzigo laweza kuwa safi ndani kuliko lile linaloungurumishwa saa nzima limesimama, au linalosogezwa mita chache na kuzimwa.

Hapa ndipo penye kosa linaloniumiza sana, lile la kutoa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Dereva anaona injini inachemka, fundi anaing'oa thamostati "ili maji yapite vizuri," na geji ya joto inashuka kweli. Kuanzia siku hiyo, lori likiwa tupu au kwenye tambarare, injini haifikii nyuzi 80 na kitu ilizotengenezewa. Rejeta iliyoziba haijatibiwa, na juu yake umeongezewa kiwanda cha tope. Ukisafisha injini bila kurudisha thamostati na bila kuangalia bomba la kupumulia kama limeziba, utalikuta tope lilelile tena.

Kuna pia tope lisilotokana na oili kuchoka. Ukiona rangi ya maziwa au kahawa ya maziwa chini ya kifuniko cha kutilia oili tu, huenda ni unyevu wa kawaida. Ukiiona hata kwenye kijiti cha kupimia oili, shuku kwamba maji ya rejeta yanaingia kupitia gasketi ya hedi, kipoza oili, au mipira ya chini ya silinda. Dawa ya rejeta ikichanganyika na oili hutengeneza uji mzito unaoziba filta haraka. Usianze kusafisha kabla hujajua maji yanapitia wapi.

"Oili imekuwa nyeusi, basi injini imejaa tope"

Kwa injini ya dizeli, oili mpya huweza kuwa nyeusi ndani ya saa chache. Ni masizi, na oili nzuri imetengenezwa iyashike yakielea yasitue mahali. Weusi ni kazi inayofanyika. Cha kutazama ni oili inavyotua: dondosha tone moja kwenye karatasi ya filta au karatasi nyeupe inayonyonya, uiache mpaka kesho. Doa likisambaa kijivu sawasawa, oili bado inabeba uchafu wake. Ukibaki mduara mweusi katikati wenye ukingo mkali na maji maji ya njano pembeni, imeshindwa kubeba, na usichokiona kwenye karatasi kimebaki kwenye injini.

"Oili yenye sabuni huua injini kuukuu, tope ndilo linaloishikilia"

Wazo hili lina asili. Zamani oili hazikuwa na sabuni, yaani viongezo vya kusafishia. Hata leo, Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, inaeleza kwamba daraja la SA halina viongezo vyovyote na halifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Injini iliyonyweshwa oili ya namna hiyo miaka mingi, kisha ikabadilishiwa ghafla, iliweza kweli kubandua uchafu mwingi kwa pamoja. Karibu kila lori unaloweza kulikuta barabarani sasa limekuwa likipewa oili yenye sabuni tangu liundwe.

Ni kweli pia kwamba baada ya kusafisha, injini huweza kuanza kuvuja. Sili, yaani mpira wa kuzuia oili isivuje, ilikwisha kukakamaa na kupasuka, tope likawa kiraka. Kiraka hicho hicho kinaziba vitundu vya kurushia oili chini ya pistoni na njia nyembamba inayopeleka oili kwenye tabo, feni ndogo ya kusukuma hewa kwenye injini, ambayo inazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Mimi ningechagua kubadilisha sili.

Kwa injini kuukuu ya dizeli, oili ya daraja la CI-4, iliyotoka mwaka 2002, au CK-4 ya mwaka 2016, inafanya kazi hii vizuri ikiwa unene wake ndio ulioandikwa kwenye kitabu cha lori. FA-4, iliyotoka pamoja na CK-4, ni nyepesi na haikukusudiwa injini za zamani.

"Presha imeshuka, weka oili nzito"

Kama chujio la kunyonya limeziba, oili nzito inapita kwa shida zaidi, hasa asubuhi. Geji huenda ikapanda, kwa kuwa geji inapima msukumo, haipimi oili iliyofika kwenye beringi. Angalia chujio kwanza.

"Tumeshasafisha, sasa turudi kwenye ratiba ya kawaida"

Bado. Mikono haifiki kwenye mishipa ya oili iliyotobolewa ndani ya bloku na krenki. Tope la humo linatolewa na oili mpya, polepole, likiyeyuka kidogo kidogo badala ya kubanduka. Oili ya kwanza baada ya kufunga sampu naimwaga baada ya takriban robo ya umbali wa kawaida, ya pili nusu, na filta mpya kila mara. Injini kubwa ya lori hunywa lita 30 au zaidi, kwa hiyo najua ninachomwomba mwenye lori si kidogo.

Kila filta inayotoka ikate, ukunjue karatasi yake juu ya meza yenye mwanga. Magamba meusi yanayosagika kwa vidole ni tope linaloendelea kutoka, kwa hiyo fupisha tena. Vimeremeta vya shaba au vya kijivu huenda ni beringi, na hapo usiendeshe. Filta mbili mfululizo zikitoka na weusi wa masizi tu, bila kitu cha kushikika, ndipo lori lirudi kwenye ratiba yake.